Nimerithi Jina la Mjomba, Je, na Bunduki Yake ya Zamani Ni Yangu?

Mpendwa Bi Raya, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo kabla sijaharibu undugu kwa ajili ya kitu ambacho hata kukitumia sijui.

Mimi ni Twalibu, fundi makochi hapa Mwembesongo, Mluguru wa Matombo, nina mke na watoto. Mjomba wangu Nasibu, kaka yake mama, alifariki mwaka huu, na mila zetu unazijua, baada ya arobaini ukoo ulikaa nikapewa jina lake, kwa hiyo sasa Nasibu ni mimi, mama yangu mzazi ananiita kaka, na Salum, mtoto wa marehemu ambaye tumelingana umri na tumeoga mto mmoja, ananiita baba.

Mjomba aliacha bunduki mbili za kuwindia, zote zile za kuvuta komeo nyuma na kulisukuma mbele kila unapotaka kupiga. Moja ni ya miaka ya karibuni, ina darubini juu, na ndiyo aliyoitumia mwishoni macho yalipomchoka. Nyingine ni Mauser ya zamani, imetengenezwa kabla mama hajazaliwa, mjomba aliilindia mpunga dhidi ya nguruwe pori na kuwindia nyati kwa kibali enzi za nguvu zake, na siku hizi za mwisho yeye na mwanawe wakitoka kuwinda alikuwa anaishika Salum. Wazee wakaziweka zote mbili kwangu, wakasema mrithi wa jina achague moja, itakayobaki ni ya Salum.

Bi Raya, sijui niseme nini unielewe. Mimi mbao nazijua, ndiyo kazi yangu, lakini mti wa ile Mauser sijawahi kuuona, una rangi ya chai ya rangi iliyokolea na mishipa inayotembea ukiugeuza kwenye mwanga, na pale mkono unaposhika umelainika kwa viganja vya watu mpaka unadhani una ngozi. Chuma chake ni cheusi chenye ubluu kwa mbali, maandishi yamefutika nusu, na ukivuta komeo halikwaruzi wala halichezi, linateleza tu, kisha likifunga linatoa mlio mdogo mmoja, tak, basi, na mimi mtu mzima nasisimka mwili. Kila nikitoka msikitini alasiri nafungua kabati naitazama. Sijawahi kupiga risasi hata moja maishani mwangu, ila nikiishika nasema subhanallah, kuna mtu alikaa akatengeneza hiki kwa mikono yake.

Vijana wa kijiweni wananicheka, wanasema, "Oya fundi, chukua yenye darubini, hilo lingine ni chuma chakavu." Mimi naitaka ileile ya zamani. Kasoro yake ni moja tu, nyuma ya kitako kuna kiraka cha mninga, kimeungwa vizuri mno, hata ukucha haunasi kwenye kiungo, lakini rangi yake ni nyingine kabisa na kinanikera, halafu nikiiweka begani inabidi ninyooshe shingo kama kobe na triga naifikia kwa taabu, mjomba alikuwa mfupi kama mimi na ukoo wetu wote tuko hivi, sijui yeye aliivumiliaje. Nimeshanoa msumeno, Jumamosi nakikata.

Nilipomwambia Salum kwamba nimechagua ya zamani, hakubisha. Ni mrefu, kachukua kimo cha ujombani kwake, akasimama mlangoni kainama, akasema, "Sawa, baba." Kesho yake akaleta kopo la mafuta na kitambaa, akaniambia, "Komeo ulipanguse kila ikipata unyevu, baba, halipendi maji." Akaondoka. Tangu hapo hajaja kwangu.

Mke wangu Mwanvita naye amehama chumba, hataki kulala na bunduki, nami nimemwambia atulie kwa sababu kitabu cha leseni kipo na kina jina la Nasibu, na Nasibu ndiye mimi. Je, nikiichukua nitakuwa nimekosea? Au moyo tu unanisumbua?

Ni mimi Twalibu (Nasibu), Mwembesongo.

*

Marahaba, Twalibu. Kwanza kabisa, weka huo msumeno chini. Umeshaweka? Haya, sasa tuongee.

Tuanze na kitabu cha leseni, maana hapo umenichekesha halafu ukanitisha. Ukoo umekupa jina, na mama yako akikuita kaka ni haki yake, lakini polisi hawakuja kwenye arobaini. Leseni ile ilikuwa ya marehemu, na imekufa naye. Hivi sasa wewe ni fundi makochi mwenye silaha mbili bila kibali, kwenye kabati, ndani ya nyumba yenye watoto! Mwanvita ana akili kuliko wewe, mwombe radhi leo. Kisha nenda kituo cha polisi, wewe na Salum, mikono mitupu, pamoja na hicho kitabu na cheti cha kifo. Usizibebe barabarani. Waeleze, nao watakuelekeza zifikeje kwao zikahifadhiwe mpaka mwenye kustahili aombe leseni kwa jina lake la kwenye kitambulisho. Na hiyo tak yako ya kila alasiri iishe leo.

Sasa tuje kwenye mapenzi yako, ambayo sikulaumu. Mimi pia nimekulia nyumba yenye bunduki ya namna hiyo, na ulipoandika linavyofunga komeo niliweka kalamu chini nikausoma tena mstari huo. Mwambie polisi akufungulie uone ndani yake: kuna ukucha wa chuma unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini na hauiachii mpaka imeingia mahali pake. Nyati anakujia mbio, mkono unatetemeka, na ule ukucha hautetemeki. Aliyeubuni amekufa zamani sana, na mpaka leo mafundi wanaiga kazi yake. Vijana wa kijiweni wakiiita chuma chakavu, wasamehe tu.

Lakini bunduki ya kuwindia, Twalibu, huchaguliwa kama kiatu. Unafumba macho, unaipandisha begani, unafumbua. Ukikuta jicho lako limetua lenyewe kwenye alama za kulengea, hiyo ni yako. Ukinyoosha shingo kama kobe, ni ya mtu mwingine, hata mti wake ukulize machozi.

Na ya nani? Mbona wewe mwenyewe umeniandikia bila kujua! Hicho unachokiita kiraka si kiraka. Kitako kisichopasuka hakiwekwi kiraka. Huongezwa urefu kwa ajili ya mtu mwenye mikono mirefu. Mjomba wako alikuwa mfupi, ukoo wenu wote wafupi, na macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye darubini. Alimrefushia nani? Ni nani nyumbani kwenu anayeinama mlangoni? Wewe ni fundi mbao, umepitisha ukucha kwenye kiungo kile ukashangaa kilivyoungwa. Mzee aliyeishiwa macho aliunga hivyo kwa kupapasa, kwa sababu ya mwanawe. Alikwisha kuchagua kabla wazee hawajakaa. Nawe Jumamosi ulikuwa unakwenda kukikata.

Kwa hiyo fanya hivi. Waambie wazee umechagua yenye darubini, na kama huwindi, iache polisi wakuelekeze cha kuifanyia, si lazima mrithi alale na silaha. Ya zamani aombe Salum, aanzie serikali ya mtaa, na umsindikize kila ofisi. Atachoka kuzungushwa, usimwache peke yake.

Ila kabla ya hayo yote nenda kwake kesho. Rudisha kopo la mafuta na kitambaa. Mwambie uliona kiungo cha mninga na umeelewa ni cha nani. Wala usijitie kumpa zawadi, maana ni yake. Kijana huyo amekuita baba mara mbili huku unamnyang'anya mkono wa baba yake. Jina umelipokea, mwanangu. Sasa nenda kamwitikie.