Upande wa Pili wa Kaseti

Kisii mjini

Mke wangu Mwanaidi,

Salamu kwako na kwa binti yetu Rehema. Kikohozi chake kimepoa? Na mguu wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, lakini leo nimepigwa na butwaa mpaka mwenye duka ameniuliza kama nimefiwa.

Juma lililopita alikuja dukani Mzee Makori, mkulima wa majani chai kutoka Nyamira, na redio yake ndogo ya kaseti. Ni kuukuu lakini anaipenda kama ng'ombe wake. Alitaka nyimbo zote za kwaya ya kanisa lao ziingie upande mmoja bila kukatika, na kaseti yake ilikuwa fupi. Nikamwambia hilo dogo. Nikafungua skrubu, nikachukua utepe wa kaseti nyingine isiyo na jina kwenye droo yangu, nikauunga mwishoni, kisha nikarekodi kwaya upande mmoja tu. Sikuisikiliza kwanza. Huo ndio ufundi ninaojisifia kila siku!

Mwanaidi, ilikuwa ile kaseti uliyonitumia wewe.

Leo asubuhi mzee amerudi. Aliiweka kaseti mezani ikiwa imefungwa kwa kitambaa, akawa anaangalia ukuta.

"Fundi, umeniua," akasema. "Upande ya kwaya imeshika vizuri. Sabato jioni nikageuza hiyo ingine, tukiwa na mke wa kijana yangu. Mwanamke akaanza kuongea. Anaita bwana yake Shabani, jina yako. Anasema vile kitanda iko baridi. Mimi na mke wa mtoto, tunasikia pamoja!"

Huku baba mkwe na mke wa mwanawe hawasikii maneno ya chumbani pamoja, hata kwa bahati mbaya. Wanaiita ensoni, aibu nzito. Mzee alitoka mbio akaacha kofia, naye binti wa watu akakimbilia jikoni. Tangu siku hiyo wanaongea kwa kupitia mama mkwe. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Hiyo wachana nayo. Huyo mama anauliza akuje huku ama asikuje. Anasema ukinyamaza mpaka mahindi ivunwe, anarudi kwa baba yake. Ulimjibu?"

Mke wangu, sikuwahi kuigeuza. Upande wa kwanza ulikatika ukinipa habari za mbuzi, nikacheka, nikadhani umemaliza, nikaitupa kwenye droo. Mimi, fundi wa kaseti! Miezi yote hii unangoja jibu, nami nakuandikia habari za mvua. Najionea haya.

Nikamuuliza mzee kwa nini amejisumbua kuja mwenyewe.

"Mke wa mtoto ndiye amenituma, kupitia bibi yangu. Alisikia kutoka jikoni mpaka mwisho, hakuna mtu alikuwa na nguvu ya kuzima. Amesema ensoni yetu itatengenezwa. Lakini huyo mama lazima ajibiwe, na leo."

Basi nakujibu. Njoo, Mwanaidi. Njoo na Rehema. Chumba changu hapa Nyanchwa ni kidogo, lakini kitanda ni baridi huku pia.

Nisalimie mama, na kaka yako mkubwa aliyeninunia (sasa najua ana haki), na jirani aliyekuazima redio ya kurekodia. Mahindi huko najua yameshakauka. Kama umeshafunga mizigo ya kwenda kwa baba yako, usiifungue. Ilete huku.

Mumeo,
Shabani