Saa Isimame Kwanza

Jumatatu, 9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hapa hatujambo, ukiacha mafua ya mume wangu ambayo yeye anayaita homa kali. Wewe je? Macho yanaendeleaje tangu upasuaji? Unatia yale matone, au chupa imekaa kwenye rafu kama pambo? Simu huisikii siku hizi, na ukiisikia unajibu swali ambalo sijauliza, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu.

Baba, nina jambo. Mshahara wangu wa duka la dawa na wa mume wangu wa kutengeneza majokofu ukiuunganisha si haba. Lakini ikifika tarehe kumi na tano tunatazamana kama watu waliopotelewa na mbuzi. Kuna kodi, kuna umeme, na kuna haya makochi ya rangi ya maziwa tuliyochukua kwa malipo ya kila mwezi. Hata kuyakalia tunaogopa, tusije tukayachafua kabla hayajawa yetu.

Basi nimekuwa nikikumbuka Jumamosi zetu. Mlikuwa mnanifukuza nikacheze nje, nami nazunguka kuchungulia dirishani. Mama anatandika kile kitambaa chenye ukingo wa kijani, wewe unashusha makopo, kisha mnaongea kwa sauti ya chini mpaka nachoka kusimama kwa vidole. Sijawahi kuwasikia mkigombana kwa ajili ya pesa. Mlifanyaje? Niandikie, nataka kujaribu na mume wangu.

Halafu kuna rafiki yangu kazini. Amekopa pesa kwa siri na mumewe hajui, na mkopeshaji ameanza kupita dukani kumsalimia kila siku. Ungekuwa wewe ungemshauri nini?

Mwanao,
Dakika


Jumamosi, 21 Februari

Dakika wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Matone natia. Naona mpaka vumbi lililo juu ya kabati, jambo ambalo halijaniongezea furaha. Mpe pole Fundi Barafu kwa mafua yake. Mtu anayeshinda kichwa kimo ndani ya jokofu asishangae pua ikimtoka maji.

Umeuliza kuhusu Jumamosi. Dirishani uliona makopo, lakini hukuona jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilikuwa saa. Kabla hatujakaa nilikuwa nafungua ile saa ya ukutani, nakishika kile kisahani cha shaba kinachoyumba, naisimamisha. Wazo lilikuwa la mama yako, Mungu amrehemu. Mwezi wa kwanza wa ndoa kila akitaja hesabu nilikuwa natazama saa na kusema nimechelewa, mteja ananingoja. Siku moja akaniambia, "Wewe si ndiye fundi saa? Basi isimamishe hiyo, tuone utachelewa kwenda wapi."

Ikawa ndiyo sheria yetu. Saa ikiwa imesimama hakuna kupandisha sauti, hakuna kuinuka, na kila kitu kinawekwa juu ya kitambaa. Tukimaliza naitia ufunguo na kuirekebisha kwa kusikiliza redio. Kuna Jumamosi ilisimama dakika kumi, na kuna Jumamosi moja ya ada yako ya shule ilisimama saa tatu nzima.

Makopo yalikuwa matano. La kodi, la chakula, la ada, la madeni, na kile kikopo cha rangi ya viatu ambacho mama yako alikiita cha upuuzi. Humo kila mmoja anachota kidogo na haulizwi. Yeye alinunua utepe wa nywele, mimi njugu. Usikidharau kikopo hicho. Bila hicho nyumba inakuwa kama ofisi ya serikali.

Sasa huyo rafiki yako. Mwambie nami nina rafiki, naye pia hutengeneza saa, alikuwa na meza karibu sana na yangu. Alimwekea mtu dhamana, yule mtu akatokomea, deni likamwangukia. Akaona aibu kumwambia mkewe. Akalilipa peke yake miaka miwili, kwa nauli yake ya basi. Asubuhi na jioni anakwenda kwa miguu, nyumbani anasema daktari amemshauri atembee. Akamaliza, na mkewe hakujua. Bahati nzuri miaka hiyo hiyo mama yako aliacha sukari kwa sababu ya meno, hakuirudia mpaka tunamzika, kwa hiyo kopo la chakula lilipumua.

Kwa hiyo inawezekana. Ila miguu ilimuuma sana huyo rafiki yangu.

Baba yako


Ijumaa, 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, mafua yamepona. Natumai nawe huna neno.

Barua yako nimeisoma nikiwa stoo, nimeketi juu ya boksi la dawa za kikohozi, nikacheka, kisha nikalia. Baba, sina rafiki. Ni mimi, na maji yamenifika shingoni.

Nitakwambia yote. Ulipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho nilikwambia bima imelipa, na mume wangu nikamwambia hivyo hivyo. Bima haikulipa kitu. Nilichukua pesa za makochi, za miezi minne, nikaenda kulipa hospitali. Mwenye duka la samani alipotaka kuja kuyabeba, nikakopa kwa yule mkopeshaji. Mume wangu anajua makochi yamebakiza malipo mawili. Hajui kwamba deni limehama tu, na huko lilikohamia linazaa.

Kwa nini sikumwambia? Wiki ile alikuwa ametoka kumnyima kaka yake mkopo, akisema nyumba hii haiwezi kubeba watu wa nje. Sikutaka wewe uitwe mtu wa nje. Nilikuwa nakuona ukipapasa meza kutafuta kijiko, wewe uliyekuwa unaokota skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Sikuweza kungoja. Nisamehe.

Na kuna jingine. Nilimwapia mama kwamba sitalitamka, lakini naona nimelibeba vya kutosha. Meno ya mama yalikuwa mazima. Nilipokuwa nakwenda naye kwa mama mdogo alikuwa anaweka vijiko vitatu kwenye chai na kulamba kijiko. Nikamuuliza mbona nyumbani hatumii. Akasema, "Kwetu kuna mtu anatembea kwa miguu. Nitakunywaje chai tamu?" Alijua tangu mwezi wa kwanza. Alisema mtu anayepanda basi hamalizi soli za viatu upesi hivyo.

Nilimuuliza tena nilipokuwa mkubwa, deni likiwa limekwisha zamani. Alisema anangoja uliweke juu ya kitambaa mwenyewe. Siku utakayosema, siku hiyo ataweka sukari.

Sijui kama nimefanya vizuri kukuandikia haya.

Mwanao,
Dakika


Alhamisi, 30 Aprili

Mwanangu Dakika,

Nimechelewa kujibu, na sina kisingizio. Mzima ni mzima. Nakula, natembea, nakaa.

Nianze na macho. Nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano nikaichukua barua yako niisome tena ili nikasirike vizuri, nikatambua kuwa naisoma kwa macho yale yale uliyoyanunua. Hasira ikakosa pa kukaa. Asante, mwanangu. Ungeniambia ningekataa, nawe unajua.

Sasa mama yako. Miaka ishirini na tisa nilimpelekea chai bila sukari kitandani kila Ijumaa, nikijiona mume mwema anayekumbuka meno ya mkewe. Angeweza kuniuliza. Lakini sheria ilikuwa ya kuweka, si ya kunyang'anywa, na mimi ndiye niliyekuwa na cha kuweka. Kila Jumamosi alinitazama, saa imesimama, akaniuliza, "Hakuna kingine?" Nami nikamjibu hakuna. Nilidhani ni namna yake ya kufunga kikao.

Jumamosi iliyopita nilitandika kitambaa. Nikasimamisha saa, nikaketi upande wangu, nikasema yote, mpaka jina la yule mtu aliyetoroka. Nakwambia ukweli, Dakika, kukiambia kiti kitupu cha mama yako si sawa na kumwambia mwenyewe. Nililia. Halafu nikakoroga chai, nikatia vijiko vitatu, nikashindwa kuinywa.

Kwa hiyo futa lile nililokuandikia kwamba inawezekana. Deni nilimaliza, lakini mke wangu sikumwambia. Wewe mumeo yuko hai, anakohoa chumba cha pili. Mwambie.

Mwalimu mpangaji wangu anasafiri wiki ijayo, nampa saa akuletee, pamoja na kitambaa. Itundikeni ukutani palipo wima. Ufunguo nimeufunga kwa uzi ndani ya mlango wake. Na sheria ni ile ile, haianzi kutembea mpaka mmemaliza.

Baba yako


Jumatatu, 18 Mei

Dakika,

Barua hii anakuletea mwenyewe, kwa hiyo salamu zangu utazisikia mdomoni mwake.

Fundi Barafu alifika hapa jana saa nne asubuhi. Alinipa shikamoo, akapitiliza jikoni, akavuta jokofu langu ukutani, akaanza kulifungua. Halikuwa bovu. Nilimwacha. Mwanamume akiwa na bisibisi mkononi ni bora kuliko akiwa na maneno. Kufikia adhuhuri lilikuwa safi kuliko siku niliyolinunua.

Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mbele yangu. Akasema imekufa tangu mwaka juzi. Nikatoa kioo changu cha jichoni, nikaifungua. Alikaa karibu kabisa, akinitazama vidole. Nilitoa skrubu sita, nikazipanga kwenye kifuniko, nikasafisha, nikatia tone la mafuta, nikazirudisha zote sita. Saa ikaanza kulia.

Akaniuliza, "Kwa hiyo unaona kabisa, baba?"

Nikamwambia, "Naona mpaka ndevu ulizozisahau chini ya kidevu."

Ndipo akafunguka. Aliniambia pesa hazimuumi. Kinachomuuma ni kwamba ameishukuru bima miezi yote hii, kumbe alipaswa kumshukuru mke wake. Tena ameisifu hiyo bima mbele ya wenzake kazini, na wawili wamejiunga. Akasema pia aliinuka kwenye kitambaa kabla hujamaliza, na anajua ilikuwa haramu. Nikamwambia ni haramu kweli.

Nilimkorogea chai yenye vijiko vitatu. Yangu pia. Safari hii niliinywa. Nilimsimulia habari za mama yako na soli za viatu, naye akacheka.

Nimerudisha meza yangu kibarazani. Leo nimepata saa mbili za kutengeneza. Kila mwezi nitaleta kitu kwenye kopo lenu la madeni, na usianze kubishana nami. Mtu wa ndani huchangia.

Kama saa hujaianzisha, usiianzishe. Mngoje aketi kwanza.

Baba yako


Jumanne, 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na safari hii sisemi kwa mazoea.

Sikuwa nimeianzisha. Siku ile aliinuka saa nane na dakika ishirini mchana. Alisukuma kiti, akachukua begi la vifaa, mlango ukafungwa. Mimi nilibaki na kitambaa, makopo matano na karatasi ya mkopeshaji. Jumapili nilipita karibu na ile saa nikiwa nimeushika ufunguo, nyumba ilikuwa kimya mno bila mlio wake. Nikaurudisha. Jumatatu nilikula nimesimama jikoni, ili kitambaa nisikiguse.

Jumanne alirudi. Hakunisalimu, wala mimi. Alinipa barua yako, akangoja nikaisoma yote. Kisha akavuta kiti kile kile, akaketi, akaweka mikono juu ya kitambaa na kuuliza, "Tulikuwa tumefikia wapi?"

Tulimaliza, baba. Kila karatasi iliwekwa. Na yeye alikuwa na yake, kumbe baadaye alimpa kaka yake zile pesa kwa siri, akaona haya kuniambia baada ya ule ukali wote. Nilitaka kupandisha sauti, nikatazama saa, nikashusha sauti. Makochi yameuzwa, yamelipa zaidi ya nusu ya deni. Tunakaa mkekani, na kwa mara ya kwanza tunanyoosha miguu sebuleni kwetu. Lililobaki litatuchukua miezi saba, sita ukihesabu saa zako.

Mwisho aliuliza kama kuna kingine. Nikamwambia kipo. Nikamwambia kwamba hapa kwetu ninakunywa chai na kijiko kimoja cha sukari kwa kubana matumizi, lakini ninavyopenda ni vitatu.

Aliinuka, saa bado imesimama, akaenda jikoni kuleta kopo la sukari. Sheria ameivunja tena, na sikumwambia kitu.

Mwanao,
Dakika