Ozella Tisdale, Aliyekataa Ukuta Uzibwe Matundu

Mwaka umetimia, Mama Ozella, tangu utuache, na leo hatukulilii. Tuna habari! Tungeweza tungekuja kukugongea mlango.

Ni mtoto gani wa Mtaa wa Calloway ambaye hakula uji wako mzito wa mahindi, siagi ikielea juu? Ulianza kuupika ukiwa msichana, katika Umoja wa Alfajiri, kundi la vijana Weusi wa Marekani waliolisha watoto kabla ya shule. Kundi lilipovunjwa, wewe uliendelea. Asiyenawa mikono ulimrudisha mlangoni, hata awe mchungaji. Mdomo wako ulikuwa mkali, lakini hukujua kumpa mtu kijiko kimoja tu.

Sote tulijua kilichokukaa moyoni. Asubuhi ile ya theluji polisi walivamia nyumba ya kundi, wakamuua mdogo wako Cleophus kitandani, kisha wakatangaza kwamba yeye ndiye aliyeanza kufyatua risasi. Fundi alipoletwa kupiga plasta kufunika matundu ya risasi, ulisimama mbele ya ukuta.

"Ziba tundu moja tu, utanitambua! Waje waone wenyewe risasi zilitoka upande gani."

Mtaa mzima ulikuja, ukaona: zote zilitoka nje kuingia ndani. Ukahamia humo humo, ukaulinda ukuta mpaka uzeeni. Ulitaka jambo moja tu, jiji liseme kweli. Ulikufa halijasema.

Mama, limesema! Jumanne iliyopita ukumbi ulijaa hadi ngazini. Meya akasoma akimung'unya maneno: "Cleophus Tisdale hakufyatua risasi."

Binti yako Verlene akainuka kama yuko kanisani. "Rudia, mwanangu! Huku nyuma hatujasikia!"

Meya akarudia.

"Sema tena!" ukumbi ukaitika.

"Mama yangu alikuwa mzito wa masikio," Verlene akasema. "Mwambie yeye!"

Meya akaweka karatasi chini, akapaza sauti: "Mama Ozella, mdogo wako hakufyatua hata risasi moja. Tulimuua, kisha tukamsingizia."

Tulipiga kelele, tukakumbatiana hata na tusiowajua. Mwanao Thaddeus, ambaye hukuwahi kumwona akicheza, alicheza.

Unakumbukwa na Verlene, Thaddeus, wajukuu zako Imani na Roscoe, dada yako Lurlene aliyebaki Mississippi, na wote uliowapikia. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Mpe Cleophus habari, Mama. Mwambie hata waliomuua wamekiri.