Kishindo Kwenye Bomba la Shangani

Fundi Issa, mwalimu wangu,

Ni mimi Chande, yule uliyemwita mwanafunzi mwenye mvi. Mvi zimeongezeka, akili bado tunaisubiri.

Kishindo cha siku ile pale Shangani bado nakisikia. Bomba lilipasuka, likachomoka mtaroni likijipinda kama chatu aliyekatwa kichwa. Kiwiko chake cha chuma, pale linapokata kona, kikakupiga kifuani. Maji yakakubamiza ukutani, yakarudi mekundu. Nilikushika, Fundi. Nilikushika tu, sikujua cha kufanya.

Baada ya maziko yako likapasuka tena, mara mbili, na kila mara kabla ya kupasuka liligonga kama limepigwa nyundo. Watu wakasema, "Marehemu aliunga kwa mate." Hilo liliniuma. Nikaapa kumtafuta anayelipiga bomba letu, nimvunje mikono.

Nikampa mke wangu nondo, nami nikashika yangu. Yeye mwanzo wa mtaa, mimi mwisho. Ncha moja kwenye bomba, nyingine sikioni, simu hewani. "Limegonga!" anapiga kelele. Kwangu kimya, kisha ndiyo nasikia. Basi chanzo kiko upande wake. Tukasogea, tukasogea, watu wakituona vichaa, mpaka kwenye mtambo wa barafu wa Bi Somoe.

Niliingia na nyundo. Tangi lilipojaa, Bi Somoe akavuta mkono wa koki: pa! Maji yote yaliyokuwa mbioni yakagota, yakarudi bombani kwa hasira, kwa kishindo kile kile.

"Nani kakufundisha kufunga hivyo?"

"Si wewe, Chande? Ulisema, vuta mara moja tu, dada, umemaliza."

Nyundo ilinidondoka mguuni. Kweli, Fundi. Siku uliyonituma kwake peke yangu ulikuwa na homa. Mimi nikaing'oa koki yako ya kuzungusha, nikaweka ya kisasa, ya kuvuta, nikajisifu wiki nzima.

Wewe ulikuwa ukizungusha koki polepole, Alhamdu nzima, ndipo maji yakatike. "Ukimaliza kabla ya Amina, umefunga vibaya. Unakimbilia ubwabwa wa nani?"

Ile koki nimeipondaponda mpaka viganja vikachanika. Ya kuzungusha nimeirudisha. Ijumaa, baada ya sala, nilisimama msikitini nikasema kiungo chako cha bomba kilikuwa kizima, kosa ni langu. Mwanao Mwanahawa alikuwa akinisubiri nje. Alinizaba kofi, akalia, kisha akaniletea maji ya kunywa.

Nisamehe. Bomba limetulia. Kila koki nitakayofunga nitaisomea Alhamdu, taratibu, mpaka Amina, na thawabu zake nakuelekezea wewe. Kwa mabomba ya mji huu yanavyovuja, Fundi, hutapungukiwa.

Lala salama,
Chande