Miguu ya Bosi

Kwa Cucu, nyanya yangu na mke wangu wa kwanza,

Ukisikia hapa Nchiru kuna daktari wa mbwa anayewapita wote waliosomea, usiulize ni nani. Ni mimi mumeo, niliyeachia shule kidato cha pili! Wanafunzi wa chuo wanaokaa kwenye hosteli ninayofagia wananiita Daktari, na wengine wananiamkia. Na vile nimependeza siku hizi, ungeniona ungemwambia marehemu Guka, babu yangu, asogee kidogo.

Hujambo lakini? Magoti yanakusumbua bado? Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kimbeere chetu nakijua kwa mdomo tu, mkono haukijui. Na kupiga simu sikutaka.

Najua hayo yote unayaruka ukitafuta habari ya Bosi. Ulinipa mbwa wako baada ya Krismasi, akiwa hawezi kuinuka bila kulia, tukakubaliana nimrudishe kabla ndengu hazijakauka shambani, akiwa na miguu ya kufukuza nyani. Mwingine huna.

Nilimshughulikia, Cucu. Mwenye hosteli, mwalimu mstaafu tunayemwita Madam, ana mbwa mzee wa nyonga mbaya, kwa hivyo nilifuata mkono wake. Alianza kwa kumpunguzia Bosi ugali.

"Huyu mnene sana. Hiyo miguu inabeba gunia."

"Madam, kwetu mbwa mnene ni heshima ya boma."

"Basi heshima yenu ndiyo inamlemaza. Toa hiyo sufuria."

Nikatoa. Nikawa namchanganyia dawa ya unga ya maungo kwenye dagaa wa omena, na kijiko cha mafuta ya samaki. Simiti ya huku ni baridi kama barafu, kwa hivyo nilimtandikia magunia na blanketi langu, mimi nikalala na koti. Asubuhi namkanda nyonga kwa kitambaa cha maji moto, kisha tunatembea polepole mpaka getini na kurudi, kama wazee wawili wanaoenda kanisani. Wanafunzi walicheka mpaka wakachoka.

Madam alinionya kwamba ule unga hauna haraka, nisitarajie kitu wiki ya kwanza wala ya pili. Na kweli, polepole Bosi akaanza kuinuka bila kulia. Ngazi tu ndizo zilimshinda.

Halafu ukapiga simu. "Mume wangu, nyani wameingia kwa ndengu. Bosi anakimbia?"

Nami na huu mdomo wangu: "Anakimbia kama gari! Ngoja nikutumie video."

Uliiona kwa simu ya Shangazi, Bosi akifukuza mpira wa wanafunzi. Alikurekodi ukipiga vigelegele, akanitumia, nikacheza ile sauti hosteli nzima ikasikia.

Msalimie sana Shangazi, umwambie ahsante kwa ile sauti. Msalimie na Baba Mdogo anayechunga mbuzi. Mwombe akusindikize shambani, usiende peke yako na nyani wamezoea hivyo.

Karatasi inaisha na bado nazunguka. Cucu, Bosi amekufa. Tulimzika juzi nyuma ya hosteli, mimi na Madam.

Zile mbio hazikuwa za unga. Asubuhi ya video nilimpa vidonge vya maumivu vya watu, aina ya vile vyako vya mgongo, nikamficha Madam. Alipokimbia nikafurahi, nikampa tena siku zilizofuata. Akaacha kula. Akatapika damu. Madam akamwita daktari wa mifugo, akafika mbio, akafungua mkoba, akaniuliza mbele ya wanafunzi wote, "Kijana, umempa nini?"

Nikasema, "Hakuna, daktari."

Akauliza tena, nikasema hakuna. Akamtibu kama mbwa aliyekula sumu ya panya, akaenda. Nilipompigia baadaye kusema ukweli, alilazimika kurudi kutoka mbali, na alipofika Bosi alikuwa ameshapoa.

Mumeo,
Nyaga