Maneno Mawili Yaliyokatwa Kwenye Kibao cha Dina

Dada Mwanaidi,

Kibao hakitabadilishwa. Jana mchana msimamizi wa maonyesho aliniambia hivyo kwa simu, kwa sauti ya upole kabisa, na alipomaliza akanishukuru kwa kujali. Kitabaki kama kilivyo mpaka maonyesho yafungwe, alisema, kwa sababu kuchapisha upya ni usumbufu na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyelalamika.

Hukuwahi kukiona, kwa hiyo nikueleze. Maonyesho yako ya matabibu wa Maryland katika karne ya kumi na nane yalifunguliwa kule Rockville baada ya sisi kukuzika. Vitu ulivyovichagua vyote vipo: vyungu vya marhamu ya zebaki, mizani ndogo ya kupimia vidonge, lile bomba la bati la kusukumia dawa kwenye njia ya mkojo, ambalo wanaume hulitazama mara moja na kugeuza uso. Kiingereza chako hakikuguswa hata nukta. Tatizo ni Kiswahili, ambacho ulikipigania wewe, ili mama zetu wanaotoka zamu waweze kusoma wenyewe bila kumwomba mtoto awatafsirie. Chini ya picha ya ndoo ya kufulia wameandika: "Dina, mtumwa, mfuaji nguo. Alishukiwa zinaa. Alitibiwa kwa zebaki."

Alishukiwa zinaa. Ugonjwa haumo.

Wa kwanza kukisoma mbele yangu alikuwa Mama Chebet, yule wa Eldoret anayehudumia wazee Temple Hills. Alikuja na wenzake wa kanisani, bado amevaa sare ya kazi. Akasoma kwa sauti, akasimama.

"Ati alishukiwa zinaa, wakampatia dawa? Hiyo dawa si wangetuletea hapa kwa church yetu? Tuko na wateja!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Halafu akanigeukia, hacheki tena. "Lakini Wanjiru, huyu msichana amewekwa hapa kwa nini? Ni ya kutuonyesha malaya wa zamani?"

Nimeripoti habari miaka mingi, Dada, na nimeulizwa maswali na watu waliotaka kunipiga. Hakuna aliyeniuliza la kuuma kama hili. Nilimwambia kibao kimekosewa, akasema "haya basi," kama mtu anayemsikiliza muuzaji.

Nilimtafuta mtafsiri, Bwana Elia wa Dodoma, uliyempendekeza wewe mwenyewe. Hakukwepa. "Dada, mimi niliandika 'alishukiwa ugonjwa wa zinaa'. Wakanirudishia, wakasema mstari umezidi, punguza maneno mawili. Nikapunguza."

"Ukapunguza 'ugonjwa wa'?"

"Nilidhani itaeleweka. Tunaita magonjwa ya zinaa, si ndiyo? Kila zahanati wameandika hivyo."

"Na Mwanaidi alikuambiaje?"

"Alitaka sentensi nzima. Aliniambia neno zinaa lisiwepo kabisa. Sasa yeye hayupo, nafasi ni ndogo, ningemuuliza nani?"

Sikumkasirikia Elia kama ninavyowakasirikia waliompa agizo bila kujua wanakata nini. Yeye angalau alikubali kuandika upya siku ile ile. Sentensi iko tayari. Wanaoikataa ni wenye ukuta.

Wangekuwa wamekusikiliza mezani kwako Takoma Park, wasingethubutu kuniambia ni jambo dogo. Mimi nilikuja pale nikitaka habari fupi ya ukurasa wa ndani, nikakaa mpaka chai ikapoa. Ulinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mgumu. Tabibu wa enzi ile hakuwa na kipimo cha damu wala darubini ya kumwonyesha kijidudu. Kisonono na kaswende wengi wao walivihesabu kuwa ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Alichokuwa nacho ni macho yake, na macho yalimtazama mtu kabla ya kidonda. Kidonda kwenye mguu wa bwana mwenye shamba kiliweza kuwa baridi yabisi, au damu chafu, au kuumwa na mdudu. Kidonda hicho hicho kwenye mguu wa mfuaji nguo kilikuwa na jina moja tu.

Na dawa ilikuwa zebaki, inapakwa mapajani au inamezwa, mpaka mgonjwa atokwe udenda bila kukoma. Fizi zinaoza, meno yanalegea, pumzi inanuka. Udenda ukimwagika walifurahi, waliona sumu ya ugonjwa inatoka. Ulinieleza kwamba sumu iliyokuwa ikionekana pale ni ile waliyomtia wenyewe. Kidonda kikifunga, na cha kaswende huweza kufunga chenyewe, basi tabibu alikuwa sahihi. Kisipofunga, mgonjwa amedanganya, aongezewe. Nilikuuliza mtu angejinasua vipi hapo. Ulisema: "Hajinasui. Ndiyo maana nauita mtego, siuiti matibabu."

Dina alijaribu. Tabibu wake aliandika kwamba mwanamke huyu "anakana," na kwamba anadai vidonda hivyo alikuwa navyo tangu mtoto, kwao, kabla ya meli. Watu wawili watatu waliochapisha maelezo yale baadaye waliruka sentensi hiyo kama porojo. Wewe uliisoma ukaweka kalamu chini, kwa sababu ulimjua mtoto mwenye vidonda vile. Buba. Mtoto anaipata kwa kugusana na mwenzake wakicheza, inamla ngozi, ikiachwa inaingia kwenye mifupa ya miundi. Hakuna kitanda ndani yake, hakuna mwanamume. Hukudai una hakika. Mwili wa Dina haupo wa kupimwa. Ulichotaka kiandikwe ni kwamba alidhaniwa, na kwamba alikuwa na maelezo yake, na kwamba hayakusikilizwa.

Mimi ndiye ninayejua kwa nini ilikuuma kiasi kile. Ulinihadithia ukimenya viazi, bila kuniangalia. Ulikuwa mtoto Muheza, buba ikakukamata miguuni, wakaja watu wa sindano, ukapona. Miaka ikapita, ukaja huku, makaratasi ya ukaazi yakataka damu, na damu ikajibu "kaswende," maana kipimo hakiwezi kutofautisha hayo mawili. Ulisema "buba." Mkalimani wa kwenye simu hakulijua neno hilo, akamwambia daktari kwamba umekiri kaswende. Daktari akakuuliza umekuwa na wanaume wangapi. Mumeo, Mzee Hamisi, alikuwa amekaa nje ya mlango.

Mlirudi kwa treni. Mliposhuka Takoma akauliza, "Ni ile ya utotoni?" Ukasema ndiyo. Akasema, "Basi," akabeba mfuko. Wengine wangesema huyo ni mume mwema. Wewe uliniambia, "Mdogo wangu, alikuwa mwema. Lakini aliuliza." Kisha ukanituma chumvi.

Sasa nakupa habari za huku, kwa ufupi. Fleti yako imeshapata mpangaji. Mwanao Salma amechukua vitabu vyote, vipo Temple Hills sebuleni kwake, bado kwenye maboksi, lakini amevichukua. Nilimpeleka akaone kibao. Anaelewa Kiswahili, ananijibu Kiingereza, unamjua. Aliniuliza kama zinaa na ugonjwa wa zinaa si kitu kimoja. Nikamwambia, soma tena, ukiweka jina la mama yako mahali pa Dina. Akasoma. Alitoka nje akasimama kwenye maegesho, nikamwacha.

Mhariri wangu amesema habari hii siwezi kuiandika, kwa kuwa wewe ulikuwa rafiki yangu. Ana haki, ningemkataza mwingine vilevile. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na mahali pengine nitasema kwa mdomo.

Jana nilimuuliza msimamizi swali moja: kama kibao cha Kiingereza kingesema mwanamke huyu alishukiwa uzinzi, kingekaa ukutani hata mpaka jioni? Akasema hapana, bila kusita. Akaongeza kwamba wanaosoma Kiswahili ni wachache. Nimekaa na jibu hilo tangu jana na halijapungua makali. Wachache hao ndio ulioandika kwa ajili yao. Wanakuja wakiwa wamechoka, wanasoma kwa sauti, na wanaondoka wakijua kuhusu Dina kile tu ambacho tabibu wake alikijua. Zaidi ya miaka mia mbili, na hukumu imerudi kwa lugha yetu, kwa sababu mstari ulizidi.

Ulinitania kwamba Kiswahili changu cha Nakuru kimevaa gambuti za shambani. Na kweli. Lakini kamati ya jumba lile ina kikao cha wazi, na msimamizi, tumtendee haki, ndiye aliyenieleza namna ya kuomba nafasi. Nimeomba, nimepewa. Salma atasema kwa Kiingereza jinsi ulivyopimwa. Ameniruhusu na amejiruhusu. Elia ataleta sentensi yake. Mama Chebet amebadilisha zamu, na ninavyomjua, atauliza swali lake bila kungoja kuitwa. Mimi nitasoma yale uliyotaka yaandikwe, neno kwa neno, kwa Kiswahili kwanza.

Wakikataa tena, nitaomba nafasi ya kikao kinachofuata, na kinachofuata hicho. Hiyo ndiyo ahadi ninayoweza kuitimiza. Maneno ya kukulilia sina ustadi nayo.

Pumzika, Dada. Kikao ni Alhamisi ijayo, saa moja jioni, Rockville, ghorofa ya pili.

Mdogo wako,
Wanjiru