Bawi Haipikwi kwa Mtu Mmoja

Topawa, Arizona
4 Machi

Mwanangu Marlinda,

Hujambo huko Denver? Baridi imepungua? Mimi sijambo, ila kidonda cha mguuni kinakataa kufunga, na daktari kila akipima sukari ananuna kama nimemwibia. Tangu kaka yako ahame, nyumba imekuwa kubwa mno. Jioni nakaanga mkate wangu, nakula, nalala.

Mama yako

Denver
15 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, wasiwasi ni wako tu. Mama, huo mkate ndio unaokumaliza! Unga mweupe unageuka sukari mwilini upesi sana. Rudia bawi, maharage yetu ya jangwani. Wanga wake una nyuzinyuzi, unasagika tumboni polepole, sukari inapanda taratibu. Ndiyo ninayowafundisha wagonjwa hapa kliniki kila siku. Usipobadilisha chakula, utapoteza mguu. Tafadhali.

Mwanao

Topawa
27 Machi

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi, na asante kwa somo. Wanga huo ndio ulionilea, na wewe ukanyonya humo humo. Lakini bawi haipikwi kwa mtu mmoja, au Denver wamekusahaulisha? Inakaa motoni kutwa, nyumba nzima inanukia wageni, halafu nipakue sahani moja? Nilijaribu juzi. Nililia, nikazima jiko. Mkate wa kukaanga hauniulizi wengine wako wapi.

Mama yako

Denver
5 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako chooni kazini, nisionekane nikilia. Nakuja Pasaka. Bandika sufuria kubwa, uchelewe uone nitakavyokukombea hata ukoko!

Mwanao

Topawa
Jumanne baada ya Pasaka

Marlinda,

Natumaini u mzima. Nilipika. Uliponipigia simu kusema zamu imekubana, bawi ilikuwa imeshaiva. Sikuonja, mwenyeji hatangulii mgeni. Nilimwita jirani yetu Verna aichukue yote, nikakaanga mkate. Sikukasirika. Naongopa, nilikasirika sana.

Mama

Denver
30 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua tatu hujajibu, simu hupokei. Verna ameniambia wamekukata mguu chini ya goti. Kwa nini nisikie kwa Verna? Nisamehe, Mama. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

Tucson
12 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Usilie, sijambo. Niko katika nyumba ya kuuguzia, nafunzwa kutembea na mguu wa bandia. Meza yetu ni ya watu sita, wote wakorofi. Kuna bibi mmoja wa mji wa Sells anaiba chumvi, na mzee anayenitania kwamba sisi wawili tukiungana tunapata jozi moja ya viatu. Wanatupa maharage, shayiri, mahindi mazima, hayo hayo ya somo lako. Nakula mpaka nakwangua sahani. Sukari imeshuka, hata daktari anacheka.

Anasema nimepona, Ijumaa nirudi nyumbani. Nimemwomba aniache hapa kidogo.

Mama yako